Mikazo ya mlalo chini ya Ziwa Albert: hesabu inaanzia kwenye maji

Mpango wa kisima chochote cha mafuta katika Bonde la Albertine, kando ya Ziwa Albert, kuanzia Semliki hadi Pakwach, unasimama juu ya namba nne: mkazo wa wima, mikazo miwili ya mlalo, na shinikizo la maji, mafuta au gesi iliyomo ndani ya vitundu vya mwamba. Kwenye programu namba hizo huandikwa Sv (wima), SHmax (mkubwa wa mlalo), Shmin (mdogo wa mlalo) na Pp (shinikizo la vitundu), na hapa tutaziita hivyo hivyo. Kwenye ripoti za mikazo ya visima, kurasa za kubishania SHmax huwa nyingi kuliko za Pp. Mimi naona mambo yamegeuzwa. Pp inaingia ndani ya hesabu ya kila mkazo wa mlalo, na ukiikosea kwa megapaskali tatu, hakuna fomula itakayokuja kukuokoa baadaye.

Bonde lenyewe ni sehemu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ukoko wa dunia unavutwa pande mbili, takriban magharibi-kaskazini-magharibi na mashariki-kusini-mashariki, kwa milimita chache kwa mwaka. Upande wa Uganda umekatwa na ufa mkubwa wa Toro-Bunyoro, ule unaolifanya genge refu juu ya Kibiro na Kingfisher, moja ya maeneo mawili makubwa ya mafuta hapa, jingine likiwa Tilenga. Katikati kuna mashapo machanga ya ziwa na mito, yenye unene wa kilomita kadhaa, yaliyokatwakatwa na nyufa ndogo kuwa vitalu. Ardhi bado inasogea: tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 lilizidi kipimo cha 6.5, na la 5 Februari 1994 karibu na Fort Portal lilizidi 6. Kwa mhandisi wa mikazo hiyo ni taarifa yenye thamani, maana inamwambia kwamba baadhi ya nyufa ziko karibu na kikomo chake cha kuteleza, na kikomo hicho kinaweza kupigiwa hesabu.

Sifuri iko wapi

Kabla ya kugusa logi yoyote (rekodi ya vipimo vya mwamba kufuatana na kina cha kisima), uliza kina kimepimwa kutoka wapi. Logi huanzia kwenye sakafu ya rigi, yaani mtambo wa kuchimbia. Ramani za mitetemo, zinazochorwa kwa mawimbi yanayorudishwa na tabaka za chini, huanzia usawa wa bahari. Maji ya ardhini hayajali vyote viwili: yanafuata kimo chake yenyewe, na katika tambarare za Buliisa kimo hicho hakiko mbali na uso wa Ziwa Albert, takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari.

Chukua mfano wa uwanja wa kuchimbia ulio mita 680, wenye sakafu ya rigi mita 9 juu ya ardhi. Kwenye kina cha mita 500 kutoka sakafu, nguzo halisi ya maji ni 500 toa 9 toa 60, yaani mita 431. Kwa kilopaskali 9.8 kwa kila mita unapata megapaskali 4.22. Anayezidisha 500 kwa 9.8 moja kwa moja anapata 4.90. Kisha kipimo cha kweli kikija 4.2, anaandika kwamba mchanga una shinikizo pungufu, na anaanza kutafuta sababu za kijiolojia za kitu ambacho hakipo. Katika kina cha mita 3,000 kosa hilo lingemezwa. Kwa Tilenga, ambako mafuta yako kina kifupi yakilinganishwa na Kingfisher, ni asilimia 16 ya jibu zima.

Chini ya genge mambo yanaweza kwenda kinyume. Mvua inayonyesha juu ya uwanda wa Bunyoro inaingia kwenye mipasuko ya miamba ya kale na kushuka kuelekea ziwani. Mahali ambapo maji hayo yamefungiwa chini ya tabaka la tope (mwamba laini wa udongo, usichanganye na matope ya kuchimbia), kimo chake kinaweza kuwa juu ya ardhi unayosimama. Kila mita 50 za ziada zinaongeza megapaskali 0.49, bila tope lolote kubanwa na bila gesi yoyote kuzalishwa. Kwa hiyo pima kimo cha maji katika visima vya maji vya jirani kabla ya rigi kufika. Ni kazi ya siku chache na gharama yake ni ndogo mno.

Uzito wa juu

Sv ni jumla ya uzito wa kila kilichoko juu: densiti mara 9.81 mara unene, tabaka kwa tabaka. Ndiyo namba rahisi kuliko zote nne, kwa hiyo nitapita haraka, ila mambo matatu hukosewa mara kwa mara. La kwanza, mita 300 hadi 500 za juu mara nyingi hazina logi ya densiti kwa sababu tundu ni pana mno, na programu hujaza pengo kwa thamani ya kwanza iliyo chini yake. Mashapo laini ya juu yakiwa 1.95 nawe umeweka 2.15, umeongeza karibu megapaskali 0.8 kwenye mita 400. La pili, penye ukuta uliobomoka, chombo cha densiti husoma matope ya kuchimbia (majimaji mazito yanayojaza tundu) na si mwamba. Futa kila sehemu ambapo tundu limezidi kekee kwa sentimita tano hivi, ujaze kwa makadirio ya logi ya sauti. La tatu ni la Kingfisher hasa: kisima kinaanzia nchi kavu na kuishia chini ya ziwa. Uzito ulio juu ya ncha ya kisima ni wa maji ya ziwa na mashapo yaliyo chini yake, kwa hiyo Sv ijengwe wima juu ya kila nukta ya njia ya kisima, si juu ya uwanja wa rigi. Karibu na genge lenyewe, lenye kimo cha mita 300 na zaidi, nguzo ya wima peke yake haitoshi kabisa. Uzito wa uwanda unasambaa pembeni na kuingia chini ya tambarare, na hapo inafaa kujenga modeli ya pande tatu, hata iwe ya kawaida tu.

Maji ndani ya vitundu

Hapa ndipo kazi ilipo.

Tope likishuka na kufunikwa haraka, maji yake yanakosa muda wa kutoka. Yanabaki ndani, yanabeba sehemu ya uzito ambao ungebebwa na chembe za mwamba, na tope linabaki na vitundu vingi kuliko inavyostahili kina chake. Mbinu karibu zote za kukadiria Pp kwa logi zinategemea alama hiyo: mawimbi ya sauti yanapita polepole kuliko kawaida, na ukinzani wa umeme unashuka. Fomula ya Eaton ya 1975 ndiyo inayotumika zaidi. Kwa logi ya sauti inasema hivi: chukua ongezeko la Sv kwa mita, utoe zao la vitu viwili, yaani tofauti kati ya ongezeko hilo na la maji ya kawaida, mara uwiano wa muda wa kawaida wa sauti kupita mita moja kwa muda uliopimwa, uwiano huo ukipandishwa kwa kipeo cha 3.

Tuipigie hesabu. Kina ni mita 1,800, Sv inaongezeka kilopaskali 21.4 kwa mita, maji 9.8. Mstari wa kawaida, yaani wa tope lisilo na shinikizo la ziada, unasema sauti ingechukua maikrosekunde 330 kwa mita, logi inasoma 365. Uwiano ni 0.904, kipeo cha tatu chake 0.739. Pp inatoka kilopaskali 12.83 kwa mita, yaani megapaskali 23.1. Sasa mwenzako achore mstari wa kawaida tofauti kidogo, aseme 345 badala ya 330. Jibu linashuka hadi megapaskali 20.9. Maikrosekunde 15, ambazo kwenye karatasi ya logi ni upana wa kalamu, zimehamisha megapaskali 2.2. Kwa hiyo mtu akikuletea Pp yenye desimali mbili, muulize kwanza mstari wake wa kawaida ulichorwa kwa kutumia nini.

Katika beseni lililokatwa na nyufa swali hilo ni kali zaidi. Kila kitalu kina historia yake: hiki kilishuka bila kusimama, kile kiliinuliwa na kumomonyolewa kabla ya kufunikwa tena. Tope lililowahi kukaa mita 600 chini zaidi linabaki limebanwa hata likipandishwa. Sauti inapita humo kwa kasi, na mstari uliochorwa kwenye kitalu cha jirani utakuambia kwamba shinikizo ni la kawaida wakati si kweli. Mstari mmoja usivuke ufa bila ushahidi. Ukiona mitetemo inaonyesha tabaka zilizokatwa juu na kufunikwa bila kufuatana, chora mstari mpya chini ya hapo.

Ukinzani wa umeme nao una mtego wake wa hapa. Mbinu hiyo ilikomaa kwenye mashapo ya bahari, ambako chumvi ya maji ya vitundu haibadilikibadiliki sana. Mashapo ya Albertine ni ya ziwa. Maji yake yanaweza kuwa hayana chumvi kabisa katika tabaka moja na yenye chumvi katika tabaka la chini yake, hasa karibu na nyufa zinazopandisha maji ya moto. Kibiro, kijiji kilicho chini ya genge, kimekuwa kikivuna chumvi kwa vizazi kutokana na chemchemi za namna hiyo. Maji ya chumvi yanashusha ukinzani, na kwenye logi hiyo inafanana kabisa na shinikizo kubwa. Maji yasiyo na chumvi yanapandisha ukinzani na kulificha shinikizo hilo. Kwa beseni hili mimi huipa logi ya sauti uzito mkubwa, na ukinzani huutumia kuthibitisha tu mahali ambapo chumvi inajulikana kwa sampuli.

Sauti nayo ina adui wake: gesi, na tope lenye mabaki mengi ya viumbe, ambalo ndilo chanzo cha mafuta ya nta ya bonde hili. Vyote viwili vinachelewesha sauti bila shinikizo lolote la ziada. Visima vya Turaco kule Semliki, vilivyochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilikutana na gesi ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo chuja kwanza: tumia logi ya gama (mionzi ya asili ya mwamba) kutenga tope na mchanga, logi za densiti na nyutroni kutenga gesi, na uache nukta za tope safi pekee. Zikibaki chache, zibaki chache.

Kuna shinikizo ambalo logi ya tope haiwezi kuliona kamwe, na ndilo linaloleta ajali. Mchanga uliolala kwa mteremko ndani ya kitalu kilichoinama unaunganisha sehemu ya chini na ya juu kama bomba. Tuseme chini yake ni mita 2,400 na kilele ni 1,900. Tope linaloufunika lina shinikizo linaloongezeka kilopaskali 20 kwa mita, sambamba na uzito. Ndani ya mchanga linaongezeka 9.8 tu, maana maji yake yameungana. Katikati, kwenye mita 2,150, viwili hivyo vinalingana. Ukipanda mita 250 hadi kileleni, tope limepungua megapaskali 5.0 na mchanga 2.45 pekee. Kekee inatoka kwenye tope na kuingia mchanga wenye megapaskali 2.5 zaidi, kwa hatua moja. Kukiwa na mafuta yenye densiti 0.80 juu ya maji ya 1.00, kila mita 100 za nguzo ya mafuta zinaongeza 0.2 nyingine. Dawa yake iko kwenye ramani, si kwenye logi: pima tofauti ya kina kati ya kilele na chini ya mchanga kwenye mitetemo, upige hesabu kabla ya kuchimba.

Na je, ufa unapitisha au unaziba? Beseni hilo hilo lina zote mbili. Mafuta yanayotoka yenyewe juu ya ardhi pembezoni mwa ziwa yaliorodheshwa tangu enzi za mwanajiolojia E. J. Wayland miaka ya 1920, na yalitosha kuwavuta watu kuchimba kisima cha Waki, karibu na Butiaba, mwaka 1938. Nyufa za namna hiyo ni matundu ya kupumulia, na mchanga unaoegemea ufa wa aina hiyo hauna nafasi kubwa ya kutunza shinikizo. Ufa mwingine umepakwa tope na umeziba kabisa, vitalu viwili vya jirani vikawa na shinikizo tofauti. Jibu la uhakika linatoka kwenye vipimo vya moja kwa moja vya shinikizo ndani ya mchanga: chora nukta dhidi ya kina, na uone kama nukta za vitalu viwili zinakaa kwenye mstari mmoja wa maji. Nukta iliyochukuliwa kwenye mwamba usiopitisha iogope. Matope ya kuchimbia huwa yameshasukumia shinikizo lake ndani, na chombo kinasoma juu ya ukweli. Kama shinikizo baada ya kunyonya linachukua dakika nyingi kutulia, iandike lakini usiipitishie mstari.

Wakati wa kuchimba, dalili za kuaminika ni gesi inayotokea kila mnapounga bomba, na sura ya vipande vinavyoanguka kutoka ukutani. Vipande virefu vyembamba vyenye ncha vinasema matope ni mepesi kuliko Pp. Vipande bapa vyenye pande sambamba vinatoka kwenye mipasuko ya asili, na kuongeza uzito wa matope hapo kunaharibu zaidi, kwa sababu unayasukumia matope ndani ya mipasuko yenyewe. Kasi ya kuchimba kama kipimo cha shinikizo ilikuwa nzuri enzi za kekee za magurudumu. Kwa kekee za almasi za leo haina msaada mkubwa.

Mkazo mdogo wa mlalo

Sasa Sv ipo na Pp ipo, kila moja na ukanda wake wa makosa. Shmin ina sakafu. Mwamba uliojaa nyufa hauwezi kubeba tofauti kubwa ya mikazo kuliko msuguano wa nyufa zake. Katika eneo linalovutwa, Sv toa Pp, ikigawanywa kwa Shmin toa Pp, haizidi kiwango fulani. Kwa msuguano wa 0.6 kiwango hicho ni 3.12. Kwenye mita 2,000, Sv ikiwa 43.2 na Pp ya kawaida 19.6, mkazo wenye kazi (Sv toa Pp) ni 23.6. Ugawe kwa 3.12 upate 7.6, uongeze 19.6: Shmin haiwezi kuwa chini ya megapaskali 27.2, sawa na matope ya kuchimbia ya densiti 1.39.

Badili Pp iwe 25 na urudie. Sakafu inapanda hadi 30.8, matope 1.57. Wengi huishia hapo na kufurahi kwamba mwamba umekuwa mgumu kupasua. Angalia upande wa pili: uzito wa chini unaohitajika ili kisima kisitiririke nao umepanda kutoka 1.00 hadi 1.27. Nafasi ya kufanyia kazi ilikuwa 0.39, sasa ni 0.30, na matope yakizunguka yanaongeza uzito wake kwa 0.03 hadi 0.08. Ndiyo maana kosa la Pp linauma mara mbili.

Msuguano wenyewe si wa kudumu. Byerlee, katika vipimo vyake vya maabara vilivyochapishwa 1978, alipata miamba mingi kati ya 0.6 na 1.0, ila udongo wa mfinyanzi uko chini ya hapo. Ukitumia 0.4 kwa ufa uliojaa tope, kiwango ni 2.18 na sakafu ni 30.4 badala ya 27.2. Kwa usalama wa mpango tumia 0.6 kama sakafu ya mchanga, na usishangae tope likionyesha zaidi.

Kuna fomula nyingine pendwa, ya uwiano wa Poisson (jinsi mwamba unavyotanuka pembeni ukibanwa): uwiano ugawanywe kwa moja toa uwiano, mara mkazo wenye kazi, jumlisha Pp. Kwa 0.25 inatoa theluthi moja, karibu sawa na sakafu ya msuguano, na kwa bahati hiyo tu watu wameiamini mno. Inachukulia kwamba mwamba umebanwa kwa uzito peke yake, bila kuvutwa wala kusukumwa pembeni. Katika bonde la ufa dhana hiyo haina mashiko. Faida yake ni moja: inaonyesha mwelekeo kati ya tabaka. Tope laini lenye 0.40 linapata theluthi mbili badala ya theluthi moja, na kweli tope hubeba mkazo mkubwa wa mlalo kuliko mchanga ulio jirani, pia kwa sababu linatambaa polepole na kuifanya mikazo ilingane. Matokeo yake ni ya vitendo kabisa: jaribio la kuvuja (kusukuma matope mpaka mwamba uanze kuyapokea) lililofanywa kwenye tope chini ya kiatu cha kesingi (ncha ya chini ya bomba la chuma linalosimikwa kisimani) linakupa namba kubwa kuliko ile itakayopasua mchanga mita 40 chini yake.

Kuhusu jaribio lenyewe. Baada ya saruji kukauka, chimba kiatu na mita 3 hadi 5 za mwamba mpya. Zungusha matope mpaka uzito unaoingia ulingane na unaotoka. Tofauti ya 0.02 kwenye mita 900 ni megapaskali 0.18 za uongo. Funga vali ya kuzuia mlipuko, kisha sukuma kwa kasi moja isiyobadilika, lita 40 hadi 80 kwa dakika, ukiandika shinikizo kwa kila lita 20. Mstari utapanda ukiwa umenyooka. Mahali unapoanza kupinda ni mwanzo wa kuvuja. Usisimame hapo. Endelea mpaka mwamba upasuke na shinikizo litulie, zima pampu, andika shinikizo la papo hapo, halafu acha lishuke kwa dakika 10 au zaidi ukirekodi kila sekunde. Rudia mara mbili au tatu. Kinachokaribia Shmin ni shinikizo ambalo mpasuko unajifungia, si kilele cha kwanza, kwa kuwa kilele kinabeba pia uimara wa mwamba na umbo la tundu.

Mfano wa namba: kiatu mita 900, matope 1.15, yaani megapaskali 10.15 kutoka uzito wake pekee. Juu, mstari ulipinda kwenye 3.4. Jumla 13.55, sawa na densiti ya 1.53. Mpasuko ulijifunga kwa 2.8 juu, kwa hiyo Shmin ni karibu 12.95. Ilinganishe na sakafu: Sv ya hapo 18.5, Pp 8.8, sakafu 11.9. Namba inakubalika. Ingekuja 10.5 ungejua kuna tatizo, na mara nyingi mshukiwa wa kwanza ni saruji iliyoacha njia, matope yakapanda nyuma ya kesingi. Dalili yake ni mstari unaopinda taratibu tangu mwanzo, na shinikizo linaloshuka bila kutulia. Gesi iliyonaswa kwenye mabomba inatoa mkunjo wa aina nyingine: unaanza kwa ulalo, kisha unanyooka.

Kampuni nyingi husukuma hadi namba iliyopangwa kisha zinaacha, bila kufikia uvujaji. Jaribio la namna hiyo linasema tu kwamba Shmin haiko chini sana ya hapo. Kuliweka kwenye grafu pamoja na majaribio kamili, kwa alama ile ile, ni kudanganya wataalamu wa serikali wa mafuta kule Entebbe watakaokuja kuichukua data hiyo miaka kumi baadaye.

Mkubwa wa mlalo, kwa ufupi

SHmax haipimwi, inabanwa pembeni mpaka ibaki na nafasi ndogo. Mwelekeo wake ni rahisi kupata. Ukuta wa kisima cha wima humeguka upande wa Shmin, na mipasuko ya kuvutika inayosababishwa na matope hutokea upande wa SHmax. Katika bonde hili ungetarajia SHmax iende takriban sambamba na genge, kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi. Karibu na ufa mkubwa mwelekeo unaweza kugeuka kwa makumi ya nyuzi ndani ya mita mia chache, kwa hiyo usikope mwelekeo kutoka kisima cha ng'ambo ya ufa. Usihesabu pia mikwaruzo ya mabomba kwenye visima vilivyoinama kama mimeguko. Huwa upande mmoja tu wa tundu, juu au chini.

Ukubwa unatokana na upana wa mmeguko. Kwenye mita 2,000, Shmin 30, Pp 19.6, matope yakizidi Pp kwa 2, upana wa mmeguko nyuzi 40 na uimara wa mwamba megapaskali 30, hesabu ya Kirsch (ya mikazo kuzunguka tundu la duara) kwa kisima cha wima inatoa SHmax ya 34.4. Weka uimara wa 40 na inakuwa 38.4. Weka 20 na inashuka hadi 30.5, karibu sawa na Shmin. Uimara wa mashapo machanga, ukikadiriwa kwa logi bila sampuli za maabara, unaweza kukosewa kwa megapaskali kumi kirahisi. Kwa hiyo andika SHmax kama ukanda, mfano 31 hadi 38, na upange kisima kinachovumilia ukanda wote. Kwa visima vilivyoinama vya Kingfisher fomula hiyo ya wima isitumike. Mikazo igeuzwe kwanza kwenye mhimili wa kisima. Mwanafunzi wa chuo cha mafuta cha Kigumba au wa Makerere anaweza kuijenga kwenye jedwali la kompyuta kwa mchana mmoja.

Namba hazikai palepale

Uzalishaji ukianza, Pp inashuka na Shmin inaifuata. Kwa uwiano wa Poisson wa 0.25, kila megapaskali moja ya Pp inayoondoka katika mchanga mpana inaondoka na 0.67 ya Shmin. Pp ikishuka kwa 5, Shmin ya 30 inakuwa 26.7. Kisima kipya cha kujazia, kinachochimbwa kati ya vya zamani, kitapita kwenye tope la juu ambalo halijashuka na kuhitaji, tuseme, matope ya 1.30. Yakizunguka yanakuwa 1.36, na kwenye mita 2,000 hiyo ni megapaskali 26.7. Matope yote yataishia mchangani. Ndiyo maana majaribio kamili ya kuvuja yafanywe kwenye visima vya mwanzo, mchanga ukiwa haujaguswa. Baadaye hakuna namna ya kurudi kuipima hali hiyo.

Kusukuma maji chini kuna hatari yake. Kwa Sv 43.2 na Shmin 30 zisizobadilika, ufa wenye msuguano wa 0.6 unaoelekea vibaya utateleza Pp yake ikifika 23.8, yaani 4.2 tu juu ya hali ya kawaida. Tilenga imepangwa kutumia maji ya Ziwa Albert, ambayo ni baridi sana kuliko mwamba wa chini. Mchanga mgumu wa gigapaskali 5 ukipoa kwa nyuzi 30 unaweza kupoteza hadi megapaskali 2 za Shmin karibu na kisima. Jaribio la hatua linafaa kurudiwa baada ya miezi ya kusukuma, mwamba ukiwa umeshapoa: ongeza kasi kwa hatua sawa, kila hatua ikae muda ule ule, dakika 30 au 60, uchore shinikizo la chini ya kisima dhidi ya kasi. Mstari ukivunjika na kulala, mpasuko umefunguka. Kikomo cha pampu kiwekwe chini ya hapo, kwa shinikizo la chini ya kisima na si la juu, maana msuguano ndani ya mabomba hubadilika na kasi.